Mifuko ya magunia ya chakula cha mbwa aliyoshona mama yangu, huko Baraka wakati wa vita

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Naitwa Zawadi, mzaliwa wa Baraka, mji wa kando ya ziwa huko Fizi, Kongo. Haya niliyaona kwa macho yangu, na asiyeamini namuelewa, maana hata wanangu hunicheka.

Kiswahili changu kilipita kambini Kigoma kikarudi Kongo, kwa hiyo mtanivumilia.

Bon, tuanze.

Mama alikuwa fundi wa kushona. Baba alikwenda Lulimba kuchimba dhahabu, hakurudi, wala habari zake hatukuzipata. Mashine yake ya kushonea ndiyo ilikuwa shamba letu. Ikikaa kimya, tunalala njaa.

Vita vikafanya vitambaa viadimike, mama akageukia magunia. Palikuwa na mzungu mmoja wa kuchimba visima, ana mbwa mkubwa kama ndama. Chakula cha yule mbwa kilikuja kwa boti kutoka Bujumbura, kwenye magunia magumu yenye picha ya mbwa ametoa ulimi. Yakibaki matupu mama anayaomba, anayakata, anashona mifuko ya kwendea sokoni. Mikono ya mfuko aliishona kwa nyuzi alizofumua kwenye nyavu chakavu.

Shida sasa: nani atatia unga wa bugali kwenye mfuko wa mbwa? Bamama wa sokoni walicheka mpaka wakashika viuno. Kwetu mbwa anakula makombo. Kununuliwa chakula chake mwenyewe, hayo ni maajabu.

Mama hakukasirika. Akayaosha magunia ziwani kwa mchanga na majivu mpaka harufu ikaisha, halafu akashona picha ikae ndani, weupe nje. Mifuko ikaisha yote. Nusu ya soko ilikuwa na mbwa ndani ya mfuko, na kila mtu akajifanya hajui.

Basi vita vikasogea. Mzungu akaondoka haraka na mbwa wake, akatuachia gunia moja ambalo chakula kilikuwa hakijaisha.

Watu wakaanza kufuata barabara ya Swima, wakapate mtumbwi wa kuvukia Tanzania. Njiani palikuwa na bariere, kamba iliyofunga barabara, ya wenye bunduki (sisemi wa upande gani, mod asije akanifungia uzi). Kitu chochote cha kuuzika walichukua. Jirani yetu, fundi mwenzake mama, alinyang'anywa mashine yake palepale.

Mama akafungua kichwa cha mashine, meza tukaiacha. Akakizungushia kitenge, akachukua mfuko mkubwa kuliko yote, akaugeuza. Kwa mara ya kwanza mbwa akatoka nje. Kichwa cha mashine ndani, chakula cha mbwa pembeni na juu.

Nikamuuliza wakiuliza atasema nini. Akasema hatadanganya mtu, chakula cha mbwa si kimo kweli?

Bariereni alisimama mwanaume mwenye ndevu, macho yameingia ndani. Akaonyesha mfuko ushushwe.

"Iko nini humu?"

"Chakula ya imbwa," mama akasema.

Hesabu ya mama ilikuwa hiyo tu: hakuna mtu wa kwetu atakayetia mkono kwenye chakula cha mbwa. Atakunja pua, tutapita.

Hapo ndipo alipokosea. Yule mtu akatia mkono, akachota, akapeleka mdomoni. Akatafuna, akameza. Akarudisha mkono, ukazama zaidi.

Wakuu, kati ya vidole vyake na chuma cha mashine palibaki padogo sana.

Mama akaushika ule mkono, polepole, kama unavyomshika mgonjwa.

"Lete kofia, mutoto yangu, nikuwekee."

Ana ndevu zake, lakini alimwita mutoto. Akamjazia kofia kwa viganja, akichota pembeni, pembeni. Halafu akatoa mihogo yetu ya njiani, akaiweka juu. Hiyo ya mihogo haikuwa kwenye mpango.

Yule mtu hakututazama. Akasema huku anatafuna:

"Mama, imbwa yenu alikuwa anakula muzuri."

Akatuinulia kamba.

Tulipofika Swima mama akakaa mchangani akalia sana. Nikamwambia mashine si imepona, unalia nini? Akasema aliwachukia wale watu kwa moyo wote, na sasa huyu mmoja amemshinda kumchukia.

Ile mashine ilitulisha kambini miaka yote. Leo iko kwangu, Baraka, nimeiwekea meza mpya.

Nilichojifunza: usimpimie mwenzako aibu kabla hujajua ana njaa kiasi gani. Sina kingine.

Bado nashona mifuko ya magunia, ya unga, ya mbolea, hata ya mbwa nikiyapata. Wateja wanasema geuza, picha ikae ndani. Nawageuzia. Lakini ule wa kwangu wa sokoni, mbwa yuko nje.

Na nyie mliopita bariere za wakati ule, mlivuka na nini? Andikeni hapa chini, nasoma zote. Wa kucheka nao wacheke, nimezoea.