Maharage Ndani ya Batiki

Mwaka ule boti zilipokuwa zikileta watu kila siku kutoka ng'ambo ya ziwa, nyumba yetu ya Ujiji ililaza watu kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa mama mdogo, mtoto wa dada yake bibi, aliyefika na kitenge kimoja tu mwilini. Alikifua jioni, asubuhi akakivaa kikiwa bado na unyevu.

Siku moja ikaja habari kwamba mume wake yu hai, yuko kambini. Lori la kumpeleka lingeondoka keshokutwa asubuhi. Mama mdogo aliniita uani.

"Mwanangu, nitengenezee nguo. Asinione na hii niliyokimbia nayo."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Batiki sikufundishwa na mtu, nilijifunza kwa kuharibu mashuka ya mama. Niliweza kufunga fundo moja mara nne na bado nisiridhike. Na nguo hii nilitaka iwe bila kasoro hata moja.

Ili kupata miduara, unaweka kokoto ndani ya kitambaa na kukaza uzi shingoni, kisha unachovya kwenye rangi. Uzi ulipokaza panabaki peupe. Mama mdogo mwenyewe aliniokotea kokoto ufukweni, akazileta kwenye pindo la kitenge chake. Nilizipanga sakafuni nikaona hazilingani. Hii kubwa, ile bapa. Nikaziacha, nikaenda kuchukua maharage ya njano, mboga yetu ya kesho.

Mama alinikuta nimeinamia ungo.

"Leo umelikumbuka jiko! Lakini unayachagua kama mchumba. Toa mawe, inatosha."

Alidhani nachambua ya kupika. Sikumsahihisha. Kila fundo nililitia maharage matano yaliyolingana, na nilipomaliza, mboga ilikuwa imebaki nusu. Vidole viliniuma hadi nikashindwa kushika kikombe.

Kesho yake nilichemsha maji, nikatia rangi ya buluu, chumvi na magadi. Nilizamisha kitambaa, nikakiacha muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu niliogopa rangi isije ikapauka. Mwanamke yeyote wa Ujiji anajua magadi yanavyolainisha maharage. Mimi mwenyewe nimeyatia chunguni tangu utotoni. Lakini mbele ya beseni la rangi niliwaza miduara tu.

Maharage yalivimba. Nyuzi nyingine zilikatika, nyingine zikateleza. Nilipofungua, hapakuwa na mduara hata mmoja, mabaka tu, na maganda ya buluu yamegandia kila mahali.

Mama alichungulia. "Magadi, mwanangu! Na mboga yangu!"

Mama mdogo naye akainama juu ya beseni. "Sasa hii tunavaa ao tunakula?"

Uani wote walicheka. Mimi nililia. Rangi ilikuwa imekwisha, na kitambaa kingine hakikuwepo. Mama mdogo alikisuuza mwenyewe, akakianika, akanishika bega.

"Tazama, ni kama maji yakipigwa na upepo. Ni nzuri."

Nikamwambia si nzuri. Nikamwonyesha baka la kwanza, la pili, lile kubwa la nyuma. Nikamwomba radhi, nikarudia, nikamfuata jikoni nikamwomba tena. Mtu aliyekuwa amepoteza nyumba na shamba alishinda mchana kutwa akinibembeleza kwa ajili ya mabaka. Mwishowe alikaa chini.

"Mwanangu, nimechoka. Niache nikunje nguo yangu."

Watu kumi na mmoja tulikula ugali kwa mchuzi mwepesi wa maharage yaliyobaki. Hakuna aliyenisema. Heri wangenisema.

Asubuhi alivaa batiki ile. Mama alibaki na wageni, mimi nikamsindikiza hadi kwenye lori. Njia nzima nilitembea nyuma yake, nikiivutavuta nguo ili lile baka kubwa lifichwe na mkunjo. Alinipigapiga mkono kama anayefukuza nzi, taratibu, bila hasira. Akapanda, lori likaondoka.

Niliporudi, mama aliacha kufagia.

"Alikuwaje? Alikuwa na furaha, au hofu?"

Nguo ningeweza kumweleza yote, baka kwa baka. Uso wake sikuwa nimeutazama.