Sala Kwenye Foleni ya Sukari

Jumamosi asubuhi tulikuwa kwenye foleni ya sukari nje ya duka la ushirika, Kariakoo, wakati mama mmoja mwenye Biblia kwapani alipomshika mkono mwanamke aliyekuwa mbele yake. Wawili hao ni wapangaji wa nyumba moja, na ukuta unaotenganisha vyumba vyao haufiki juu.

"Ngoja nikuombee," alisema, akafumba macho na kupaza sauti. "Bwana, umkumbuke mume wa dada huyu, anayelala mkekani tangu Jumatatu!"

"Amina," foleni ikaitikia, pamoja na mzee mmoja Mwislamu mwenye kanzu.

Jirani aliyekuwa akiombewa akajifunika uso kwa kanga. "Jamani, mama, watu wanasikia."

"Kafanya nini?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Bwana, wewe unajua alichofanya," mama akaendelea.

"Sisi hatujui!"

Jirani akaishusha kanga, naye akafumba macho. "Bwana, umkumbuke na mama huyu. Maneno aliyomwambia mumewe juzi, tuliyasikia wewe na mimi..."

"Amina!" mama akamkatiza.

"Sijafika mwisho, mama."

"Basi, mwenzangu. Nisamehe. Nitakuombea kimyakimya."

Mimi pia ni Mkristo, na nakiri nilikuwa nimefumba jicho moja tu. Mungu anayajua yangu mengi, wala hajawahi kuyatangaza kwenye foleni. Tulipotazama mbele, duka lilikuwa limeshafunguliwa kitambo, na hakuna aliyesogea hata hatua moja.