Mchezo Ambao Sikuuweka Kwenye Orodha

Siku hizi kila Desemba watu wanaandika orodha za michezo bora ya video ya mwaka, na wanaziandika kama mahakimu. Nimezisoma hata zile za miaka yetu ya vita. Hakuna hata moja inayofanana na yangu. Basi wao wana yao nami nina yangu, na yangu ilinigharimu.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mwenye mdomo, nikikaa Kisangani kwa tonton, mdogo wake mama. Alikuwa ametoka Kivu Kaskazini kuja kuuza vitenge. Vita vilipofunga mto na vitenge vikaisha, aligeuza duka kuwa chumba cha michezo: televisheni moja, mashine moja, benchi mbili, CD tano. Kazi yangu ilikuwa manette, vile vidude vya kushika mikononi unapocheza. Tulikuwa tumeshaibiwa mbili, kwa hiyo zilizobaki zilikaa ndani ya kikapu miguuni pangu. Zamu yako ikifika, nachomeka waya, nakupa mkononi. Ukimaliza, unanirudishia mkononi, nami nachomoa. Hata mkubwa wa askari wa mtaa wetu alifuata utaratibu huo.

Orodha nayo ilikuwa yangu. Kila mwisho wa mwaka niliandika michezo mitatu bora kwenye karatasi ya daftari, nikaibandika mlangoni. Ule wa kwanza ndio uliochezwa siku ya Bonana, yaani mwaka mpya, bure, tangu asubuhi mpaka jioni, na hakuna mwingine. Kwa hiyo orodha haikuwa maneno matupu. Watu walinibembeleza kwa karanga na makemba, zile ndizi kubwa za kukaanga.

Mwaka ule hakuna mchezo mpya ulioingia mjini. Utachaguaje bora wa mwaka kati ya CD tano za zamani, moja ikiwa na mikwaruzo hata haifunguki? Nilichagua hivyo hivyo. Vita vilikuwa vimeshatunyima mengi; sikuona kwa nini vitunyime na hilo.

Namba tatu niliweka magari. Mtasema magari yale yalikuwa mazito kugeuka. Sawa. Lakini ulizunguka njia nzima ya lami bila kukuta kizuizi hata kimoja, bila mtu kukuuliza unatoka wapi na umebeba nini. Dereva mmoja wa malori ya kwenda Bafwasende alikuja kucheza huo tu. Hakujali kushinda, aliendesha polepole, akitazama barabara.

Namba mbili, ngumi. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani, na ndiyo maana niliupenda. Mwanafunzi wa chuo kikuu na mwendesha toleka, baiskeli zetu za kubeba abiria, walikuwa wajinga sawasawa mbele yake. Tena pambano moja liliisha kabla umeme haujakatika, na anayedharau sifa hiyo hajawahi kukaa kwetu.

Namba moja, mpira. Timu tulizibatiza majina ya komini zetu, yaani sehemu za mji. Lubunga iko ng'ambo ya mto, na mwaka ule kulikuwa na siku nyingi ambazo hakuna aliyevuka. Kwenye mchezo wetu Lubunga ilifika kila mara, wachezaji kumi na mmoja, na ilitufunga. Ukiniuliza kwa nini huo ndio bora, sina jibu lingine wala sitafuti.

Ulibaki mchezo wa vita. Mkubwa wa askari alikuja kuucheza kila siku baada ya chakula cha mchana. Aliegemeza bunduki ukutani, akasalimia vizuri, akangoja zamu yake. Alikuwa na adabu, na adabu ile ilinichukiza zaidi. Kila alipoua mtu kwenye kioo alicheka, na watu wa benchini walicheka naye kwa kuiogopa ile bunduki.

Siku tatu kabla ya Bonana alisoma karatasi mlangoni, akauliza mchezo wake uko wapi. Nikamwambia haumo. Akadhani nimesahau, akanipa kalamu yake mwenyewe. Nikamrudishia. Akataka kujua sababu.

"Ile tunaonaka kila siku inje, mukubwa," nikasema. "Miye naandika michezo."

Hakunipiga. Alichomoa mashine, akaifunga ndani ya koti lake, akaondoka nayo pamoja na CD yake. Tonton alikaa kwenye benchi akashika kichwa. Mimi nilitazama miguuni pangu, na kicheko kikanitoka bila kutaka: kikapu kilikuwa kimejaa. Mtu yule alikuwa amezoea kupewa manette mkononi zamu yake ikifika. Haikumjia akilini kwamba nayo ni kitu cha kubeba. Jioni hiyo hiyo nilizipeleka sokoni kwa mama mmoja muuza pondu, yaani kisamvu, akazificha chini ya majani yake.

Kesho yake mkubwa alirudi bila mashine, akaegemeza bunduki ukutani kama kawaida. Maneno yake yalikuwa mafupi: manette zitoke, mchezo wake uandikwe namba moja, na mashine itarudi saa ile ile. Wachezaji wetu walininong'oneza niandike, ni karatasi tu. Niliogopa, sitadanganya. Na mashine ile ndiyo iliyotulisha watu sita nyumbani. Nikamtazama tonton, mtu asiyepandisha sauti, anayempisha hata mbuzi njiani. Angeniambia andika, ningeandika.

Tonton alisimama. "Liste iko ya mutoto, mukubwa," akasema. "Yangu ilikuwa machine, na ulishabeba."

Mkubwa akachukua bunduki yake, akatoka. Mashine haikurudi, naye hakuwahi kuicheza, maana mji mzima hakupata manette nyingine za aina ile. Tonton aliuza chumvi kwenye meza kando ya barabara miaka miwili, mgongo ukampinda, na hakunitupia neno la lawama hata siku moja. Ningeuandika mchezo ule, tungekula vizuri. Najua. Bado siuandiki.