Somo wa Ruqaiya

Kuluthum wa Bondeni hakuwa mwanamke wa wivu, au ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe. Mumewe Zayed, anayechoma nyama Kikopey na kurudi nyumbani siku mbili tu kwa wiki, hakuwahi kupekuliwa simu hata mara moja. Majirani wakinunua makochi mapya, yeye alikuwa wa kwanza kwenda kuyakalia. Babu yake aliletwa Nakuru na reli kutoka pwani, na Kuluthum mwenyewe, tangu aache shule darasa la saba, alikaa mlangoni pake akikaanga viazi karai. Wivu aliwaachia wenye muda.

Kisha akaja Immaculate.

Immaculate Anyango alikuwa msichana wa chuo, mmoja wa vijana waliofungua masomo ya Jumamosi kwa watoto ambao wazazi wao hawana pesa ya tuisheni. Walipewa ukumbi nyuma ya soko, na kila mtoto akapewa mkubwa mmoja wa kumfuata kwa karibu. Ruqaiya, binti pekee wa Kuluthum, mwenye miaka kumi na miwili, akaangukia kwa Immaculate. Alirudi na kadi iliyoandikwa jina lake juu, na chini yake: Mlezi, Immaculate Anyango. Kuluthum aliisoma mara mbili, halafu akauliza kama yeye katika nyumba hii ni mpangaji.

Ruqaiya alicheka, akidhani ni mzaha.

Tangu siku hiyo Immaculate alihamia humo ndani bila kuleta hata mkeka. Immaculate amesema maji yachemshwe, na Kuluthum alikuwa akichemsha maji kabla huyo Immaculate hajajua kutembea. Immaculate amesema vya kukaanga vikizidi si vizuri kwa moyo, na hayo yalisemwa mbele ya karai, wateja wakisikia. Lakini kilichomkera zaidi ni ile hesabu ya sehemu. Mwaka mzima Ruqaiya alikuwa ameshindwa nayo, hata mwalimu wake wa shule akachoka. Immaculate akaifundisha kwa chapati, akiikata nusu, robo, thumni, mpaka ikaingia. Chapati yenyewe ilikuwa ya Kuluthum, aliyomfungia mwanawe asubuhi. Sifa zote zikaenda kwa aliyeshika kisu.

Zayed aliposimuliwa alisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuluthum akamjibu kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu alikuwa na miezi minane.

Tuseme ukweli, mtoto alikuwa anafaidika, na mama aliliona. Hapo ndipo palipouma. Lau angekuwa anaharibika, Kuluthum angepata la kusema mbele ya watu. Sasa utaenda kumlalamikia nani kwamba binti yako anapita hesabu?

Basi Jumanne moja, akitafuta soksi chafu kwenye mfuko wa shule, mkono wake ukagusa pakiti ya pedi, imefunguliwa, zimebaki tatu. Alikaa kitandani nayo mapajani. Ruqaiya alipoingia hakukana. Alisema ilimwanza ukumbini, Jumamosi mbili zilizopita, na Immaculate akampea hizo na kumweleza kila kitu. Kila kitu, alirudia, kana kwamba anamtuliza mama.

Hapa inafaa nieleze jambo, kwa maana si kila mtu Nakuru analijua. Katika ukoo wa Kuluthum, msichana akivunja ungo, si mama mzazi anayemfundisha. Mama ana haya, na mtoto ana haya. Mama hutafuta mwanamke anayemwamini, wa tabia nzuri na asiyetoa siri, akamkabidhi mwanawe. Mwanamke huyo huitwa somo, na msichana humheshimu mpaka kaburini. Kazi ya mama ni moja tu, kuchagua. Kuluthum alikuwa ameshachagua. Alikwisha kuzungumza na mke wa muadhini, mama mwenye miaka sitini, na wawili hao walikuwa wakisubiri siku ifike. Kumbe siku ilikwisha kupita, watu wamefundwa na kufundika, na mama bado anasubiri na mwiko mkononi.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, husema watu. Kuluthum alikuwa na uchungu huo na mwingine juu yake, na huo mwingine tuuite kwa jina lake: wivu, mbichi kabisa. Hakulia. Siku tatu alikaanga viazi akipunja hata ukwaju wa kuchovyea, mpaka wateja wakaulizana kuna nini.

Jumamosi akafunga mlango, akajitanda leso, akashika njia ya ukumbini. Njiani alipanga atakachosema, nacho kilikuwa kifupi: Nimekuja kumtoa mwanangu.

Watoto walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, vichwa vimeinama. Ruqaiya alimwona wa kwanza. Alifunga kitabu, akamrudishia jirani yake rula, akaanza kupanga vitu vyake kwenye mfuko kimoja kimoja, polepole.

Immaculate alikuja mlangoni akitabasamu. Kuluthum alifungua mdomo aseme alichopanga, lakini wivu ukatangulia.

“Nani alikufanya somo wa mwanangu?”

“Somo gani, mathe?” Immaculate alishangaa. “Leo tuko na Hesabu, halafu Sayansi.”

Mtu mwingine angecheka. Kuluthum alimvuta pembeni akamweleza, kwa sauti ya chini lakini bila kuruka kitu, somo ni nani, huchaguliwa na nani, na ni nani aliyekuwa amechaguliwa. Kadiri alivyosikia ndivyo tabasamu lilivyomwisha Immaculate. Kuluthum alipomaliza, yule msichana alitazama chini.

“Nilikuwa nifike kwako siku hiyo hiyo, mama,” alisema. “Nilimpata kwa choo akilia. Nikamwambia, twende nikupeleke kwa mamako. Akanishika mkono, akasema, usimwambie mama, atakuja kunitoa.”

Kuluthum alikumbuka. Miezi michache iliyopita, Yurub, binti wa jirani yao, alipokua, yeye mwenyewe alisema juu ya karai, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kwamba msichana akishavunja ungo, mambo ya kukaa ukumbini na wavulana yamekwisha. Alisema tu, vile watu husema wakikaanga. Hakujua kuna aliyekuwa ameliweka neno hilo moyoni. Na ile sentensi aliyoipanga njiani ilikuwa bado iko mdomoni.

“Hata hivyo nilifaa nikuambie,” Immaculate alisema. “Nilikosea.”

“Ulikosea,” Kuluthum alikubali, na hakulainisha.

Akajitanda leso upya. Alimtazama yule msichana toka kichwani hadi viatuni, vile anavyotazama viazi sokoni kabla ya kulipa, akajitahidi sana asione zuri lolote, akashindwa.

“Kwetu somo huchaguliwa na mama,” alisema. “Basi mimi ndiye nimekuchagua, leo. Wewe usiseme ulijichagua. Na somo hamfichi mama kitu.”

Immaculate aliitikia kwa heshima, mikono mbele. Mke wa muadhini ataelezwa, na ataelewa. Kuchagua kilichokwisha kuchaguliwa si kitu cha kujivunia, lakini kilikuwa kimebaki hicho, na Kuluthum alikishika kwa mikono miwili.

Ruqaiya alikuwa amekwisha kusimama, mfuko mgongoni, akingoja kuongozwa nyumbani.

“Rudi ukae,” mama yake akamwambia. “Umalize hesabu.”

Ruqaiya alimtazama Immaculate kwanza, kuona kama ni kweli. Ndipo akaketi.