Mkono wa Kushoto ni wa Asiyejua

"Madam, lugha ni notisi. Mtoto akizishika vizuri, kuongea kutakuja kwenyewe akifika chuo." Hayo aliyasema mwalimu wa taaluma wa shule yetu mbele ya walimu wote, huku anatafuna karanga. Uongo mtupu! Yeye mwenyewe ameshika notisi za Kiingereza tangu sekondari hadi chuo kikuu, na bado mgeni mzungu akishuka getini anakimbilia stoo kuhesabu majembe. Huko kuongea kunakokuja kwenyewe kwake kumekwama wapi?

Admin, nifichie jina, na la shule pia. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, mzaliwa wa Butiama, nafundisha Kifaransa kidato cha tano na cha sita katika shule ya wasichana huku Bunda. Nimesoma sana, nimebishana na wengi, na matusi yenu kwenye komenti hayanitishi. Ila kwa hili nimeshikwa na kinyaa.

Wasichana wangu walipoingia kidato cha tano walikuwa wanaweza kuandika insha nzima ya Kifaransa, lakini ukimwambia mmoja akuombe maji ya kunywa anatazama sakafu. Nikaacha kuwajazia ubao. Kila kipindi cha mwisho tukageuza darasa kuwa soko. Mmoja anauza dagaa, mwingine ananunua, na Kiswahili hakuna. Mwanzo walikuwa wanacheka tu. Baadaye wakaanza kugombana kwa Kifaransa! Yupo mmoja, nimwite Nyangeta, binti wa mvuvi wa Kibara, sasa yuko kidato cha sita. Siku moja alinyoosha kidole akauliza, "Madam, nikitaka kumwambia mizani yake inaiba, nasemaje?" Nikamfundisha. Akageuka akamshukia mwenzake hadi darasa likapiga meza. Sarufi yake ilikuwa inavunjika kila mstari, lakini alikuwa anaongea na anaeleweka. Kwangu huyo ndiye aliyejua lugha.

Mwezi uliopita tukaambiwa anakuja mama mmoja kutoka kambi ya watalii huko hifadhini. Ni Mrundi, ndiye anayesimamia waongoza watalii, na anatafuta wasichana wa kidato cha sita wanaoongea Kifaransa ili wakimaliza shule awachukue kuwafundisha kazi. Kwa mtoto wa Kibara au Nyamuswa, hiyo ni riziki. Mwalimu wa taaluma akaninyang'anya vipindi vya kuongea, akagawa insha za kukariri. Kisha akawapa amri, nami nimesimama palepale: "Mgeni akiuliza, wote mnyooshe mikono. Anayejua anyooshe wa kulia. Asiyejua, na nyie mnaovunja sarufi, wa kushoto. Mimi ndiye nitakayechagua." Nikamwambia huo ni utapeli. Akanijibu, "Madam, ndivyo shule zinavyopendezaga."

Mgeni akaja. Akauliza kwa Kifaransa swali jepesi kabisa: leo asubuhi mmekula nini? Mikono ikapanda yote, darasa likapendeza kweli. Lakini yule mama hakusubiri kuchaguliwa mtu. Akamwelekezea kidole Nyangeta, aliyenyoosha wa kushoto kama alivyoamriwa. Mtoto akasimama, akafungua mdomo, na mwalimu wa taaluma akaruka kama ameumwa na siafu: "Samahani mgeni, huyo koo linamsumbua! Aulizwe wa mbele." Wa mbele, maskini, hana kosa. Akasimama akamwaga alichokaririshwa, kwamba uchafuzi wa mazingira ni tatizo kubwa la dunia yetu. Ameulizwa kifungua kinywa! Na darasa likapiga makofi, kwa sababu nayo makofi yalikuwa yamefanyiwa mazoezi.

Yule mama hakucheka. Alinitazama mimi, akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Mwalimu, hawa bana mmewafanya nini?" Bana kwao ni watoto. Akasema atarudi Alhamisi ijayo aongee nao mmoja mmoja, bila mwalimu ndani.

Mnadhani wamejifunza? Jana Mkuu wa shule kaniita. Pembeni yake kakaa huyohuyo wa taaluma. Eti Alhamisi darasani wabaki wachache waliokariri vizuri, na wengine wapelekwe shamba la shule kupalilia mpaka mgeni aondoke. "Wewe madam ndiye utakayewatenga," Mkuu akasema. "Ukikataa, darasa analichukua huyu mwenzako hapa." Mwenzangu huyo anafundisha Jiografia! Na nikimtonya mgeni, wamesema nitahamishwa kwa utovu wa nidhamu.

Nikatoka nje nikamkuta Nyangeta kwenye korido. Habari zilishamfikia. "Madam, siku ile nilikuwa najua. Nilitaka kumwambia nimekula uji na kiporo cha ugali. Sasa na Alhamisi tena nitashika jembe?" Nikamwambia aende bwenini. Nikaingia chooni nikalia kwa hasira, mtu mzima mimi.

Nikitii, namzika mtoto nikiwa namwona. Nikikataa, darasa linabaki kwa watu wasiojua hata kuomba chumvi kwa lugha hiyo. Enyi walimu wenzangu mliowahi kubanwa hivi, niambieni mlipita njia gani. Lakini nyie wazazi wa Kibara, Suguti na Nyamuswa wenye mabinti kidato cha sita, kwenu siombi ushauri. Kwenu nadai. Acheni mnada, acheni nyavu, acheni pamba, Alhamisi asubuhi muwe getini. Mwambieni Mkuu mnataka watoto wenu wote wakae darasani mbele ya yule mama, na msiondoke mpaka wa mwisho aongee naye kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi wanaweza kunihamisha. Nyie watawahamishia wapi?