Kizimba cha Mpwa Wangu

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Rasbura, na nusu ya madirisha ya mtaa huu nimeyafunga mimi. Sijisifu. Pita uangalie mwenyewe: mwizi akiziona nondo zangu anageuza njia. Ndiyo maana mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alipopata nafasi ya kuendesha gari la mashindano, alikuja kwangu kutengenezewa kizimba.

Kizimba ni mifupa ya mabomba ya chuma inayofungwa ndani ya gari, ili likibiringika paa lisimlalie dereva. Alinieleza hayo akiwa amesimama mlangoni, karatasi za masharti mkononi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wazimu huu umeutoa wapi?"

"Mjomba, mchezo tu huu."

"Mchezo ni bao. Hebu kaa uniambie vizuri."

Kwetu Wamwera mtoto ni wa mjomba. Akifaulu, watu wanampongeza baba yake. Akivunjika mguu, ninaulizwa mimi. Dada yangu hakuchelewa kunikumbusha. Alikuja karakana, akasema mbele ya wateja, "Mwanangu ni huyo mmoja. Ukimwekea vyuma vya ovyo, kwangu usikanyage, na wali wangu wa nazi usahau." Nilicheka, lakini moyoni niliogopa kweli.

Basi nikafanya kazi kwa adabu. Nilitaka kutumia mabomba ya maji niliyobakiza, mpwa akakataa, tukagombana, nikanuna siku mbili. Karatasi zake zilitaka bomba lisilo na mshono, akaagiza Dar likaja na basi. Lile tao kuu linalopita nyuma ya viti lazima liwe bomba moja zima. Nikalijaza mchanga mkavu, nikaziba ncha, nikalikunja polepole lisije likabonyea. Nikaweka bomba la mshazari, nikachomelea bamba chini ya kila mguu. Hadi hapo, hata leo, sioni kosa.

Kosa lilikuja milangoni. Karatasi zilitaka mabomba mawili ya kukinga ubavu. Mimi nikautazama ule uwazi, mkono ukaniwasha. Mawili yanatosha nini? Nikaongeza ya kulala, nikaongeza ya kusimama, nikapanda nayo mpaka kwenye nafasi ya dirisha, kulia na kushoto. Katikati nikaweka ua la urembo. Dogo tu, jamani, lakini nililiweka.

Jirani yangu wa karakana ni mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga, Mmakonde, mtani wangu wa kufa na kuzikana. Huyo hana ruhusa ya kunikasirikia wala mimi kumkasirikia. Alikuja kuona kazi, akajitanda kanga, akaanza kulia kilio cha msibani.

"Mtani wangu, jeneza hili zuri! Na maua umetia! Mwizi haingii humu. Lakini huyu mtoto atatokaje?"

"Kama alivyoingia."

Mpwa wangu alikuwa ameingia bila kofia ngumu, taratibu, miguu kwanza, kwa kujipinda. Kofia aliivalia ndani. Mama yule akachukua mfuniko wa sufuria, akaugonga na mwiko. "Moto! Gari linawaka! Toka! Moja, mbili, tatu..."

Mpwa wangu akatoa kichwa na bega moja, akanasa. Mbele haendi, nyuma harudi, mikono imebanwa, kofia hawezi kuivua. Mtani wangu akafika arobaini, akachoka kuhesabu. Na saa hiyo hiyo, Mungu naye ana vituko vyake, dada yangu akatokea na hotpoti ya chakula chetu cha mchana.

Alimtazama mwanawe. Akanitazama mimi.

"Huyu ni mwanangu au kuku wa mnadani?"

Akanisogelea.

"Sasa nisikilize, kaka. Siku atakapotoka humo mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu, ndiyo siku utakayokula kwangu." Akaondoka, na hotpoti yake.

Niliona aibu mpaka masikioni. Miaka yote nimefunga vyuma ili mtu asiingie. Wa kutoka sikuwahi kumfikiria hata siku moja. Nikamfunika mpwa wangu blanketi lililoloa maji, nikawasha grenda ya kukatia chuma. Ua lilidondoka la kwanza. Nikajenga milango upya kama karatasi zilivyosema: mabomba mawili, yamepishana chini, dirisha wazi. Karibu na kichwa nikavisha sponji ngumu. Tukajaribu, tukajaribu tena, hadi akawa anatoka na kofia yake kabla mtani hajafika sita.

Siku ya mashindano mimi na mtani tulisimama kwenye kona moja upande wa Kiswere. Gari likaja, likateleza kwenye kokoto, likabiringika mara tatu, likalala chali ndani ya vumbi. Niliogopa, niseme ukweli. Kando yangu nikasikia sauti ndogo, haina utani hata chembe.

"Moja. Mbili. Tatu."

Nne, ukatoka mkono. Tano, ikatoka kofia. Sita, mpwa wangu alikuwa amepiga magoti nje anajipangusa mchanga, na msoma njia wake, anayekaa kiti cha pili, anachomoka upande wa pili akiitukana barabara. Mtani wangu alikaa chini palepale, akalia, safari hii kilio chenyewe.

Simu ikaita. Dada.

"Nimesikia limepinduka."

"Limepinduka."

"Nani kamtoa?"

"Hakuna. Katoka mwenyewe."

Nikamsikia anavuta kamasi.

"Haya," akasema. "Nakuna nazi. Njoo ule."