Upande wa Nje wa Kona

Nilipoambiwa kwamba kompyuta itakuwa inasoma chuma badala yangu, sikulia. Nilicheka, tena kwa sauti, mpaka bosi wangu akainuka kufunga mlango ili wenzangu wasisikie.

Wacha nieleze kazi yenyewe kwanza, maana hata mama yangu kule Subukia huwaambia majirani kwamba binti yake "alisomea vyuma," nao wananiletea sufuria zilizotoboka nizibe. Mimi huchunguza jinsi chuma kinavyochoka. Bomba la mvuke likikaa kiwandani miaka mingi hulika kutoka ndani polepole, na ukiliangalia kwa nje huoni kitu. Basi ninaweka kifaa kidogo juu ya bomba, kinapeleka sauti ndani ya chuma, sauti inarudi, nami ninajua unene uliobaki. Nikiwa na wasiwasi ninakata kipande, ninakisugua mpaka king'ae, kisha ninakitazama kwa darubini katika maabara yetu ya vyumba viwili hapa Nakuru. Mwisho ninatia sahihi cheti kwamba mahali hapo ni salama kwa watu. Hiyo sahihi ndiyo kazi. Mengine yote ni jasho.

Ile programu mpya ililishwa vipimo vyote tulivyowahi kuchukua tangu niajiriwe, ikawa inatabiri yenyewe bomba gani litadumu na gani libadilishwe. Bosi aliipenda kama kitinda mimba. "Haichoki, haiugui, haiombi ruhusa ya kwenda matanga," akasema. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka matanga wiki hiyo hiyo. 

"Kuanzia sasa," akaendelea, "wewe unatia sahihi tu."

Sitasema uongo, mashine ilinishinda mahali pengi. Kuhesabu chembe za chuma kwenye picha ya darubini, kazi iliyonila asubuhi nzima, yenyewe ilimaliza kabla sijavuta kiti. Sina kinyongo na hilo. Kuhesabu chembe hakujawahi kunifurahisha. Kilichonichoma ni lile neno "tu."

Halafu ikaja Julai, na baridi yake ya kukata masikio, na taarifa ya kiwanda kimoja cha kukausha mboga kilicho kando ya barabara ya kwenda Subukia. Pale bomba la mvuke hutoka kwenye boila, likavuka ua, likapiga kona chini ya paa la banda ambamo wanawake kama ishirini hukata karoti na kabichi. Chini ya kona hiyo ndipo penye joto katika kiwanda kizima. Kila saa nne asubuhi wanawake hao huenda kunywa chai pale pale, kila mmoja na kreti yake ya kukalia, na ole wako ukae kwenye kreti ya mwenzako. Mkubwa wao ni mama mmoja ambaye sote tunamwita Mathe. Tangu siku ya kwanza aliniita Daktari wa Vyuma, na sijawahi kutoka pale bila kikombe mkononi.

Programu ilisema kona hiyo ni nzima, itadumu miaka. Bosi aliniwekea cheti mezani, akaenda kupiga simu. Nikachukua kalamu. Kabla ya kuandika nikafungua ukurasa wa mwisho wa ile taarifa, maana mimi ni mtu wa kuanzia nyuma hata nikisoma gazeti, na hapo programu ilikuwa imechora bomba lote vizuri sana na kuweka nukta nyekundu kila mahali palipowahi kupimwa.

Kwenye kona, nukta zote zilikuwa upande wa ndani wa mpindo. Zote. Upande wa nje haukuwa na hata moja.

Nikaiweka kalamu chini. Nilijua nukta zile zilitoka wapi, kwa sababu niliziweka mimi.

Bomba la mvuke huvikwa pamba ya kuzuia joto na kufunikwa kwa bati. Ili ulipime unakata dirisha dogo kwenye bati hilo. Madirisha ya bomba lile niliyakata mwaka wangu wa kwanza kazini. Mvua ilikuwa inanyesha, ngazi ilikuwa imechukuliwa na mafundi wa paa, na mkubwa wangu wa wakati huo akasema, "Toboa pale mkono unapofika, twende nyumbani." Mimi ni mfupi. Nilipanda juu ya kreti, mkono wangu ukaishia upande wa ndani wa kona. Basi nikatoboa, tukaenda nyumbani. Kila aliyetumwa pale baadaye alipima kwenye madirisha yale yale, kwa sababu yapo. Nani atakata dirisha jipya na la zamani lipo? Ndivyo tunavyofanya kazi sisi, na hakuna aliyewahi kuona aibu.

Na haki ya Mungu, nilikuwa na sababu ya kujua. Mto ulipita mpakani mwa shamba letu Subukia, na pale ulipopinda baba yangu alipoteza mistari mitatu ya kahawa. Maji hupiga ukingo wa nje. Ukingo wa ndani ulibaki na nyasi zake nzuri, mbuzi wakila. Mvuke wenye matone ya maji hufanya vivyo hivyo ndani ya bomba. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa ninapima nyasi.

Kwa hiyo mashine haikukosea hesabu. Ilijifunza kwa bidii kila nilichoifundisha, na mimi niliifundisha upande usiolika.

Nilimfuata bosi na zile karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho, nampa heshima yake. Halafu akauliza, "Unataka tumwambie mteja kwamba miaka yote tumekuwa tukipima upande usiofaa?"

"Mwambie ni mimi niliyekosea. Ni kweli."

"Desemba wanafunga kiwanda kwa ukarabati. Tutaangalia wakati huo. Sasa tia sahihi."

"Na wale wanaokunywa chai chini yake mpaka Desemba?"

"Programu inasema ni salama!"

"Programu inasema nilichoiambia mimi!" Nilikuwa nimepaza sauti bila kujua, na safari hii hakuna aliyefunga mlango. "Sitii sahihi. Niandikie barua ya onyo, nifute kazi, weka hiyo kompyuta ishike kalamu. Mimi sitii."

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kiwandani bila kutumwa. Ilikuwa saa nne, kreti zilikuwa zimeshapangwa. Nilisimama mbele ya wale mama nikawaambia tafadhali wahame, wasikae pale tena, hiyo kona siiamini.

Walicheka. Walidhani ninawatania. Mathe akanimiminia chai. "Tuhamie wapi, Daktari? Huko nje tugande?"

"Mathe, sitanii."

Akaacha kucheka. Akageuka, akanyoosha kidole ukutani, kwenye cheti cha mwaka uliopita kilichobandikwa ndani ya plastiki. "Mimi sikusoma sana," akasema, "lakini hii si sahihi yako? Si ndiyo hii tuliambiwa inatulinda?"

 Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Ilikuwa sahihi yangu kweli, ile yenye mkia mrefu niliyojifunza sekondari nikijiona mtu wa maana. Kwa mwaka mzima wanawake ishirini walikuwa wamekaa chini ya bomba la mvuke kwa kuuamini huo mkia.

Nilikwenda ukutani nikakibandua kile cheti, nikakichana mbele yao. Nikachana tena.

Bila cheti mvuke haupiti, hiyo ndiyo kanuni, na meneja wa kiwanda aliijua. Alikuja mbio akifoka, akampigia bosi wangu, bosi akanipigia mimi, nikaiacha simu ilie. Boila ikazimwa. Wanawake wakarudishwa nyumbani, na kibarua usipokifanya hulipwi, kwa hiyo usidhani walinipigia makofi. Mathe alipita karibu yangu amebeba kreti yake kichwani. "Ukiwa umekosea, Daktari, usirudi hapa," akasema.

Nilingoja bomba lipoe. Nikamwambia fundi wa kiwanda alete ngazi, na hakukuwa na mvua wala mtu wa paa wa kusingizia. Nikapanda mwenyewe.  Nilikata bati upande wa nje wa kona, nikatoa pamba, nikasafisha chuma, nikaweka kifaa.

Nilidhani kimeharibika. Nikakijaribu kwenye kipande cha chuma ambacho unene wake ninaujua, kifaa kilikuwa kizima. Nikapima tena. Upande wa ndani chuma kilikuwa na unene wa kidole changu cha mwisho. Upande wa nje, karibu na kilele cha kona, kilichokuwa kimebaki hakikuzidi unene wa kifuniko cha chupa ya soda.

Nilikaa juu ya ngazi nikalia. Fundi aliniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana, shika ngazi.

Kona ilikatwa siku iliyofuata, ikawekwa mpya. Wanawake waliporudi nilimpelekea Mathe kipande cha ile ya zamani. Alikishika akakigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye ukingo pale kilipokonda. Akatazama juu, kisha akatazama kreti yake.

"Na mashine haikuona hivi?"

"Iliona nilichoionyesha, Mathe."

"Na wewe?"

"Sikupanda ngazi."

 Alirudisha kipande mkononi mwangu, akaenda kukata karoti. Siku hiyo sikupewa chai.

Barua ya onyo ninayo, ya kuharibu hati ya kampuni. Nimeibandika juu ya meza yangu, na kipande cha kona kinakaa chini yake. Bosi bado anaipenda programu yake, na mimi ninaitumia kila siku, wala sioni haya. Ila nimekataa katakata kuilisha namba yoyote ambayo aliyeipima hawezi kuniambia alisimama wapi alipoipima. Wenzangu wananung'unika. Wanasema ninachelewesha kazi. Ndiyo, ninachelewesha. Yeyote anayetaka kunifuta aje, ataikuta sahihi yangu pale nilipofika kwa miguu yangu na si kwingine.

Mwaka huu nilirudi kile kiwanda kwa ukaguzi. Nilimaliza, nikabandika cheti kipya ukutani. Ilikuwa saa nne, baridi ile ile. Mathe alikuwa na birika mkononi, na wenzake wamesimama nyuma yake, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameketi. Alikitazama cheti, akanitazama mimi. Hakumimina.

"Ulipanda?" akauliza.

"Nilipanda."

Ndipo wakaketi.